Tunadai ya Kofia: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Gofu

Kwa Wakuu wa R&A,
St Andrews, Uskochi.

YAH: MALIPO YA KUTANGAZA BIDHAA ZA GOFU, PAMOJA NA OMBI LA BEI KIKOMO YA FIMBO

Wazee wetu, shikamooni. Klabu iliyowazaa ilianza mwaka 1754, na kwa umri huo hatuna maamkizi mengine ya kuwapa, hata kama atakayeifungua barua hii ni kijana wa juzi. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wakazi wa Mitundu, kusini mwa Itigi, kwenye barabara ya kwenda Rungwa, mkoani Singida. Uwanja wa gofu hatuna. Tuna nyuki, tumbaku, alizeti, na vichaka vya Itigi ambavyo wataalamu wa mimea husafiri kutoka mbali kuja kuvistaajabia, nasi huvistaajabia kila mbuzi anapopotea. Mnaweza kuuliza watu wasio na hata shimo moja wanaandikia gofu kwa haki gani. Ninyi ndio watunga kanuni za gofu, na haki yetu imo ndani ya kitabu chenu. Kanuni ya 16.2 inamruhusu mchezaji kuuhamisha mpira bila adhabu ukisimama karibu na mnyama wa hatari, na katika mifano mliyoitaja, pamoja na nyoka wenye sumu, mamba na dubu, wamo nyuki wanaouma. Hao ni wetu. Mliowatambua nyuki hamwezi kushindwa kuwatambua wenye mizinga.

Tuanze na deni.

Kila mnada hapa, robota la mitumba likikatwa kamba, kofia za gofu humwagika na kaptura na sidiria za watu tusiowajua. Ninayoandika nayo kichwani ilikuwa nyeupe zamani. Sasa ina rangi ya jani la tumbaku lililokosa daraja. Mbele imeandikwa TaylorMade kwa uzi mweusi. Herufi ya mwisho imeliwa na cheche ya bomba la moshi siku ya kurina, na ndani, pale kwenye mkanda wa jasho, chumvi imefanya michirizi kama ramani ya Bonde la Bahi. Kofia hii imepanda miti, imekwenda msibani, imekaa kwenye mkutano wa kijiji ikasikiliza mapato na matumizi hadi mwisho. Ilikataliwa mahali pamoja tu, kwenye picha ya kitambulisho.

Kazi hii wenzetu hulipwa. Mwaka 1996, Tiger Woods alipoacha ridhaa na kuingia gofu ya kulipwa, Nike ilimpa mkataba uliotajwa kuwa wa dola milioni 40 kwa miaka mitano. Someni hapa taratibu, maana madai yetu yote yamesimama hapa. Alipotwaa taji la mashindano ya Masters mwaka 1997, ile fimbo kubwa ya kufungulia shimo, inayoitwa draiva, haikuwa ya Nike, ilikuwa ya Cobra. Mpira ulikuwa Titleist. Nike ilikuwa kofia na nguo. Mwaka 2000 akahamia mpira wenye jina la Nike, nao ulitengenezwa na Bridgestone ya Japani. Agosti 2016 Nike ikatangaza kuwa inaacha kabisa kutengeneza fimbo na mipira, lakini nembo ikabaki kichwani kwa Tiger hadi Januari 2024 walipoagana. Kwa maneno mengine, mtangazaji maarufu kuliko wote katika gofu alilipwa kwa miaka 27, na kwa miaka mingi kati ya hiyo alilipwa kwa kilichokuwa kichwani, si kwa kilichokuwa mkononi.

Na sisi ndio watu wa kichwani. Mkononi hatujawahi kuwa na kitu.

Bingwa mwingine, Rory McIlroy, naye alisaini na TaylorMade, watengeneza fimbo, mwaka 2017, mkataba wa miaka 10 ambao magazeti yaliukadiria kufika dola milioni 100. Fimbo hanunui, anapewa. Sisi kofia ya kampuni hiyohiyo tulinunua kwa pesa zetu, tukapunguziwa baada ya kubishana, na hatujawahi kuivua kumfuata mshindani aliyeahidi dau kubwa zaidi. Hatudai milioni 100. Kofia ilikuja kwa bei ya mtumba, na mtangazaji wake anakubali malipo ya mtumba. Wala msidhani tunaanza fani hii leo: tumetangaza kampuni za simu, saruji, bia na wagombea wa vyama vyote, na fulana ya mgombea huwa tunaivaa shambani hadi sura yake inapotea yote, jambo ambalo yeye mwenyewe hulitimiza mapema zaidi.

Sasa tuje kwenye bei.

Mwaka 2011 draiva ya TaylorMade iliyoitwa R11 iliuzwa Marekani kwa dola 400. Mwaka 2022 mdogo wake, Stealth Plus, aliuzwa dola 600. Najua dola nayo huchakaa. Ondoeni uchakavu huo, bado kuna pesa iliyobaki mezani haina maelezo. Maana ninyi wenyewe ndio mliofunga mlango. Tangu mwaka 2004 kichwa cha draiva hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460. Tangu 1 Januari 2008 kikomo cha uso wa fimbo kuusukuma mpira ni kimoja kwa kila mchezaji, awe bingwa au mlevi wa Jumamosi. Fimbo ya 2011 ilitengenezwa chini ya dari hilo, na ya 2022 chini ya dari lilelile. Kila mwaka mnunuzi anaahidiwa yadi za ziada ambazo sheria yenu imeshazizuia, kisha anatozwa kwa ahadi hiyo. Akiuliza nyongeza imekwenda wapi, anaonyeshwa televisheni: yule pale, anacheka, ana kofia.

Kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, draiva ni milioni moja na nusu kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Hapa Mitundu hiyo ni pesa ya ng'ombe dume aliyenona, na nauli ya kurudi nyumbani ukijipongeza. Na hiyo ni fimbo moja. Mwaka 1939 mliruhusu 14. Kijana wetu mmoja aliyekwenda Dar es Salaam kubeba mifuko ya wachezaji alinipigia simu wiki yake ya kwanza. Nikamuuliza kazi ikoje. Akasema, "Mjomba, huku nabeba zizi begani."

Anasema wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianzia hapohapo alipo yeye, chini ya mkanda wa mfuko wa mtu mwingine, na fimbo zao za kwanza zilikuwa masazo ya mgeni aliyemaliza mkataba wake akarudi kwao. Mpini wa raba ukiisha, wanaubadilisha, maisha yanaendelea. Kwa hiyo mitumba si ya kofia peke yake. Ndiyo iliyolea mchezo huu nchini, na hakuna kampuni iliyowahi kuipa tuzo.

Mtajibu kwamba bei ni mambo ya soko, ninyi kazi yenu ni kanuni tu. Jibu hilo tungelikubali lingetoka kwa watu wasio na mazoea ya kupima. Mmepima uzito wa mpira, usizidi gramu 45.93. Mmepima kipenyo chake, kisipungue milimita 42.67. Mmepima urefu wa fimbo na mifereji ya uso wake. Mmeshasema hata soksi ya mchezaji ipande juu kiasi gani? Mimi hilo sijaliona, lakini singeshangaa. Kitu kimoja tu katika gofu hakina kipimo, nacho ni kile kinachomzuia mtu kuingia. Nchini kwetu EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya petroli kila mwezi, wilaya kwa wilaya, na mwenye kituo akivuka anaitwa ajieleze. Njooni mjifunze. Chumba cha wageni kipo Itigi, karibu na stesheni.

Halafu hili la bei linawahusu ninyi kuliko mnavyopenda kukumbuka. Zamani mipira yenu ilikuwa ya ngozi iliyoshindiliwa manyoya ya ndege, na fundi hodari alimaliza michache tu kwa siku. Ilikuwa ghali, ikilowa inaharibika, na mchezo ukawa wa wenye nacho. Mwaka 1848 ukaja mpira wa gutapacha, utomvu wa mti wa huko Malaya: unachemshwa, unaviringishwa, umekwisha. Bei ikaanguka, watu wa kawaida wakaanza kupiga. Allan Robertson, fundi mkuu wa mipira ya manyoya, mtu wa mji wenu huohuo wa St Andrews, aliuchukia mpira mpya hata akagombana na msaidizi wake Tom Morris kwa kuuchezea, na inasimuliwa kwamba alinunua mipira ya utomvu ili aichome moto. Hakushinda. Sisi tunaishi na miti, tunajua utomvu ulivyo mbishi. Lakini Robertson alikuwa na heshima moja ambayo warithi wake hawana: alitetea bei yake kwa jina lake mwenyewe, hakumkodi mtu wa kumchekea.

Kuhusu mpira wa siku hizi tuna swali dogo. Dazeni ya mipira ya daraja la juu ni kama dola 55, yaani mmoja ni shilingi elfu 11 na ushei. Mwaka 2019 mlipunguza muda wa kuutafuta uliopotea kutoka dakika tano hadi tatu. Dakika tatu, wazee! Katika vichaka vya Itigi dakika tatu ni za kutafuta pa kuingilia. Kitu cha elfu 11 hapa kinatafutwa hadi giza, na kesho yake mtoto hapelekwi kuchunga kwanza, anapelekwa kutafuta. Tunaomba kujua ni nani aliyefaidika na zile dakika mbili: mchezaji, au anayeuza dazeni? Na Desemba 2023 mkatangaza kwamba mpira unaruka mbali kupita kiasi, kwa hiyo utatungiwa masharti mapya. Vizuri. Yaani mteja aliyelipa ili uende mbali atalipa tena ili usiende.

Tusiwe watovu wa shukrani. Januari 2022 mlilegeza kanuni za ridhaa, mkaruhusu hata mchezaji asiye wa kulipwa apokee udhamini na kutangaza bidhaa. Tulipoletewa habari hiyo tulifurahi sana, tukafua kofia. Hadi leo hakuna aliyekuja. Hata wale wanaocheza kweli hawajafikiwa: nchini kwetu, tangu mwaka 2024, wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa wamepata mfululizo wa mashindano uitwao Lina PG Tour, na iliyouanzisha ni familia, kwa kumuenzi marehemu Lina Nkya, mwanamama aliyeupenda mchezo huu. Familia! Kampuni zenye milioni 100 za mchezaji mmoja zimeacha kazi hiyo ifanywe na watu wenye msiba.

Kwa hiyo maombi yetu ni haya. Wekeni bei kikomo ya fimbo, mtuandikie kwenye kitabu, hata ikibidi ikae jirani na nyuki. Mkishindwa hilo, amrisheni kila fimbo iandikwe ubavuni kiasi gani cha bei yake ni chuma na kiasi gani ni uso wa mtu, ili mnunuzi achague uso kama anautaka. Mkishindwa na hilo, kuna fundi seremala hapa aliyetazama picha ya draiva za zamani, zile za kichwa cha mti, akasema mninga unatosha na mpingo unazidi. Sheria yenu haikatazi mti. Kibali cha TFS, wakala wa misitu, tutakiomba wenyewe. Ikitengenezwa itapigwa chapa ya Mitundu, na mtangazaji wake atakuwa yule mzee mrina asali ambaye hajawahi kupiga mpira wowote maishani, kama wenzake wengi wanaotangaza wasichokitumia. Malipo yake ni chai na sukari.

Kuhusu deni la kofia, tumeafikiana tusilifikishe mahakamani mkilishughulikia mapema. Msilete hundi, benki iko mbali na barabara ya kwenda Rungwa ikishanyeshewa haina rafiki. Tumeni kwa simu, na msisahau kuweka na ya kutolea.

Wenu,
kwa niaba ya Wavaaji Kofia wa Mitundu.

Nakala: Ubao wa matangazo, Ofisi ya Kijiji.