Mgonjwa wa Kilo Tatu

Masikio bado yananiwaka. Lile duka la dawa la mtaani kwetu silikanyagi tena, hata nishikwe na malaria usiku wa manane.

Nilifuata bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Binti wa kaunta akataka kujua ni la nani.

"La Mwajuma. Hawezi kutafuna, namlisha uji wa samaki."

"Ana umri gani?"

"Miaka 11."

"Uzito?"

"Kilo tatu. Zamani alifika nne na nusu."

Foleni ikanyamaza. Mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya mafua akanipandisha na kunishusha. "Baba, mtoto wa miaka 11, kilo tatu! Huko kwako anakula nini?"

"Samaki, mama. Wali hataki kuuona."

"Na mama yake yuko wapi?"

"Alihama zamani. Nasikia anashinda nyuma ya bucha."

Mzee mmoja akaanza kuulizia nyumbani kwa mjumbe. Binti, kwa sauti ya upole ya kumtuliza mhalifu, akaniuliza kama mgonjwa ameonwa na daktari.

"Ameonwa. Na daktari wa mifugo."

Nilipotamka kuwa ni paka nilitegemea wapumue. Wapi! Hasira ikapanda, maana walikuwa wameshamhurumia. "Watu wanalala njaa," alisema yule mama, na foleni nzima ikaguna kumuunga mkono. Bomba nilirushiwa bila mfuko.

Laiti wangenipa nafasi ya kueleza. Paka ana meno 30, mawili pungufu ya yetu, na hana hata moja la kusagia. Taya lake hupanda na kushuka tu, haliendi kando. Magego hupishana kama mkasi, yakakata nyama vipande vinavyomezwa hivyohivyo. Fizi zikivimba, kila mkato ni kilio. La ajabu zaidi, paka hula kwa pua. Utamu wa sukari hausikii kabisa. Harufu ndiyo inayoamua. Kibua aliyetoka kwenye friji kwake si chakula, kwa hiyo unamsaga kwa blenda na maji, unampasha hadi awe vuguvugu, na wapangaji wote wanajua kinachoendelea. Kisha ncha ya bomba inapita pembeni mwa mdomo, nyuma ya chonge. Unasukuma tone kwa tone, kichwa kisielekezwe juu, uji usije ukaingia mapafuni. Na huwezi kusema utaanza kesho: paka akigoma kula siku chache, hasa aliyenenepa, mafuta ya mwilini huhamia kwenye ini, yakalijaza mpaka likashindwa kazi. Anakufa kwa mafuta huku ana njaa.

Shati la kazini lilipigwa chafya ya kibua, na kikaoni wenzangu wakafungua madirisha. Shemeji alikunywa juisi ya parachichi kutoka kwenye blenda ileile. Hajapiga simu tangu hapo.

Nililoshindwa kulicheka ni la duka la dawa za mifugo. Rafu zimejaa chanjo ya kideri, dawa ya kupe, dawa ya minyoo ya mbuzi. Nikauliza cha paka. "Si utafute mwingine?" akasema muuzaji. "Wamejaa barabarani." Kuku anachanjwa kwa sababu ana bei sokoni. Mwajuma amelinda magunia ya mchele ya nyumba nzima ujana wake wote, bila mshahara wala likizo, na siku meno yanapomwisha anaambiwa wapo wengine. Zipo ofisi zinazowaaga watu hivyohivyo.

Nawe msomaji mwenye paka, akikataa chakula siku nzima, mpeleke kwa daktari, usingoje. Kitunguu usimtilie kwenye mchuzi, kinaharibu damu yake. Na jirani mwema akikuletea parasetamoli ya kumpunguzia maumivu, pokea, shukuru, kisha ifungie kabatini: ini la paka haliiwezi dawa hiyo, na kidonge kimoja kinatosha kumuua.