Mahakimu wa Pandora

Mashabiki wa Avatar hapa Ngagara, Bujumbura, si watu wa mchezo. Tangu filamu ya Fire and Ash ya James Cameron itoke Desemba 2025, kila mtaa una hakimu wake wa Pandora. "Hadithi ileile," wananung'unika: wageni na mitambo yao wanafuata mali ya wenyeji, zaidi ya saa tatu nzima. Haya, wajuzi, na Gakara ya hapa hapa Burundi je, ambako serikali ilisimamisha uchimbaji wa madini adimu mwaka 2021? Kimya; Gakara haitazamwi kwa miwani ya 3D. Ila jambo moja wamelimeza bila kutafuna: zile ndege za vita za filamuni hazipangi foleni ya mafuta. Bujumbura hii hii yenye foleni hizo, halafu mnasema wasioaminika ni watu wa buluu wa Pandora?