Lenzi ya Bei ya Kutupwa

Yule aliyeeneza habari kwamba lenzi za zamani ni njia ya maskini kupiga picha za kitajiri, nina neno naye. Habari hiyo ilikuwa kweli pale walipokuwa wanaijua wachache. Chukua Helios 44-2 ya Mrusi, milimita 58. Mchoro wake unatokana na Biotar ya Carl Zeiss Jena kule Ujerumani, Wasovieti wakaifyatua kwa mamilioni na kuifunga kwenye kamera za Zenit. Ukinunua Zenit, lenzi ilikuwa imo humo humo. Kisha vijana wakagundua kwamba ukimsimamisha mtu mbele ya mti, majani ya nyuma yanaonekana kama yanamzunguka. Basi! Siku hizi kila dalali ana "Helios adimu sana, kaka, imebaki hii moja." Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni kimekuwa adimu lini?

Nami nisiulize? Nikauliza: "Ina fangasi?"

"Kaka, hiyo imetoka kwa mzungu."

Kana kwamba fangasi huomba viza. Na hata kama ilifika safi, sisi watu wa Pwani tunajua joto na unyevu wetu. Lenzi ikikaa kabatini Dar es Salaam msimu wa masika, ndani ya mfuko wa ngozi, huko ndani kunaota. Dawa ni tochi ya simu. Fungua diafragmu yote, mulika kwa nyuma, chungulia kwa mbele huku ukiinamisha lenzi kidogo kidogo. Vumbi ni vidoa, halina neno. Ukiona nyuzi nyeupe zinatambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, rudisha pesa mfukoni, maana fangasi wakishakula ile rangi iliyopakwa juu ya kioo, hata fundi akiwafuta, alama inabaki. Muuzaji atanuna. Atakuuliza umekuja kununua au kukagua makontena. Endelea kumulika.

Tuseme umepata safi. Sasa unahitaji adapta, maana lenzi hizi zina uzi wa skrubu, M42, na kamera yako haina pa kuifungia skrubu. Hapo wenye kamera mpya zisizo na kioo cha ndani wanacheka, kwao karibu kila lenzi ya zamani inakaa. Wenye Canon za DSLR nao wanapona. Ila ndugu zangu wa Nikon za DSLR, poleni. M42 inataka kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, na Nikon peke yake imeshachukua 46.5 kabla hata hujaweka adapta. Lenzi haitaweza kufokasi mbali: utapiga sahani ya wali ikatoka vizuri sana. Mlima Kilimanjaro sahau, labda uongeze adapta yenye kioo ndani, nayo inakula ubora ule ule uliotoka jasho kuutafuta.

Adapta imekaa, lenzi imekaa, nabonyeza. Kamera inaniambia haina lenzi. Nimeishika lenzi yenyewe mkononi, nzito, ya chuma, na mashine inanibishia! Mpaka uzame kwenye menyu uiruhusu kupiga bila lenzi, na waliopanga menyu hizo walihakikisha hutaipata kirahisi.

Harusini ndiko kwenye kesi yenyewe. Helios ina pete mbili za diafragmu, moja ya kuchagua namba, nyingine ya kufungua na kufunga, na bado kuna pete ya fokasi. Kamera inakusaidia kwa kuchora mistari myekundu penye ncha kali, lakini kwa f/2 mama mzazi wa bibi harusi akirudi nyuma nusu hatua na kitenge chake, mistari imeshahamia kwenye keki. Nikizungusha tena, ameshageuka. Shangazi mmoja akaniinamia: "Mwanangu, unapiga picha au unafungua chupa?"

Takumar 50 f/1.4, lenzi nyingine ya zamani, nayo ina mambo yake. Zipo zenye thoriamu kwenye kioo, zinageuka njano kwa uzee, na tiba yake ni kuzianika juani. Nimeianika dirishani. Mama watoto akasoma simuni kwamba thoriamu ina mionzi. Nimemweleza ni kidogo, hata kwa mpiga picha anayeishika kila siku. Ameisikia "mionzi" tu. Lenzi sasa inaanikwa kwa jirani.

Na pamoja na manung'uniko yote haya, picha za Helios jua likizama pale Coco Beach sijazipata kwa lenzi yangu ya kisasa, yenye mota na kompyuta ndani. Kwa hiyo wewe ambaye marehemu babu alikuachia kamera kabatini, usiitupe, usiwape watoto waichezee, na tafadhali sana usiifute kioo kwa kanga. Nitafute kwanza mimi, kabla ya madalali. Tochi ninayo.