Chai Yote Ile Baharini

Kwenye chai mimi sina mzaha. Asubuhi nisipopata kikombe chenye tangawizi ya kukereketa koo, nyumbani kwangu hata paka hunipisha njia. Ndiyo maana kila nisomapo habari za Boston, bandari ya makoloni ya Uingereza huko Amerika, usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, napandwa na hamaki. Makasha 342! Watu wazima, wamejipaka masizi na kujitanda mablanketi eti wao ni Wamohawk, wenyeji wa asili wa Amerika, wanapanda meli tatu, wanapasua makasha kwa mashoka na kumwaga baharini zaidi ya ratili 90,000 za majani ya chai. Kisha tunaambiwa walikuwa waungwana: hawakuiba kitu, na kufuli moja iliyovunjwa ililipwa. Yaani kufuli iliombewa radhi. Chai je?

Wala msidhani ilikuwa ghali. Hapo ndipo wanaponimaliza kabisa. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikuwa taabani, maghala yamefurika chai ya China, na mwaka huohuo Bunge la London likairuhusu iipeleke moja kwa moja Amerika. Bei ikaporomoka, ikawa nafuu hata kuliko ya magendo kutoka kwa Waholanzi, kodi ya peni 3 kwa ratili ikiwa ndani yake. Mimi nikisikia chai imeshuka bei, naamkia dukani. Wenzetu wakaamua kuitia chumvi.

Ila nikishafika kikombe cha pili, naanza kuwaelewa. Vita dhidi ya Wafaransa vilipokwisha mwaka 1763, Uingereza ilikuwa na madeni mpaka shingoni, ikaona walowezi wake wa ng'ambo nao wachangie. Mwaka 1765 ikaja Sheria ya Stempu: hati za mahakama zilipiwe, magazeti, leseni, shahada, kalenda, hata dadu na karata. Karata, jamani! Serikali inayogusa karata za watu inatafuta nini?

Agosti mwaka huo, sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu hizo, ikaning'inizwa mtini mjini Boston. Jioni umati ukabomoa jengo lake na kuishambulia nyumba yake. Kesho yake Bwana Oliver akaahidi kujiuzulu. Njia yao siipendi, lakini kasi ile naihusudu. Kuna ofisi moja inashikilia faili langu tangu masika, na kila nikienda naambiwa mwenye mhuri ametoka kidogo.

Bunge likaifuta sheria hiyo mwaka 1766. Vizuri. Lakini siku hiyohiyo likapitisha nyingine, kwamba lina mamlaka ya kuwatungia watu wa makoloni sheria katika kila jambo. Ni kama mwenye nyumba anayekusamehe kodi ya mwezi, halafu usiku anakuja kugonga mlango kukukumbusha nyumba ni ya nani. Mwaka uliofuata Charles Townshend, waziri wa fedha, akaleta ushuru mpya: vioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai. Watu wakasusia bidhaa za Uingereza, wanawake wakasokota nyuzi zao wenyewe. Mwaka 1770 ushuru huo ukaondolewa, isipokuwa wa chai. Huo uliachwa makusudi, ili ijulikane nani mkubwa. Na hao waliotakiwa kuulipa hawakuwa na mbunge hata mmoja kule London. Sasa hapo hata mimi ningenuna, chai iwe rahisi namna gani.

Sitawapamba kupita kiasi. Januari 1774 walimshika ofisa wa forodha, John Malcolm, wakampaka lami na kumbandika manyoya, mpaka wachoraji wa London wakapata kazi ya kumchora akinyweshwa chai kwa nguvu. Na wengi waliopaza sauti kwamba Bunge linawageuza watumwa walikuwa na watumwa wa kweli majumbani mwao. Hao waliowachemshia maji hakuna aliyewauliza maoni yao juu ya kodi.

Kwa chai ile iliyomwagwa, Uingereza ikalipiza kwa kuifunga bandari ya Boston, na uzalendo ukaingia mpaka jikoni. Julai 1774 wakili John Adams, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa pili wa Marekani, alifika nyumba ya wageni akiwa hoi na safari. Akamuuliza mama mwenyeji kama msafiri aliyechoka anaruhusiwa kikombe cha chai, mradi iwe ya magendo halali, isiyolipiwa ushuru. Mama akamjibu kwamba pale chai wameikana yote, ila kahawa atamchemshia. Adams akamwandikia mkewe Abigail kwamba tangu siku hiyo anakunywa kahawa kila alasiri, na ameivumilia vizuri tu.

Ameivumilia! Mimi ningemwomba yule mama anielekeze kwa jirani asiye mzalendo.