Kofia ya Ami

Watu wakisikia unafuga ndege hukuuliza kama anaongea. Hakuna anayeuliza kama anapigana. Bi Kidawa wangu hajui kusema hata neno moja, na uzito wake haufiki gramu 40, lakini msimu ule hapakuwa na mtu aliyekatiza sebuleni kwetu bila kumwomba njia.

Ni kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa manjano, wa aina ile ambayo wauzaji huwaita baji. Asili yao ni nyika kavu za bara ya Australia. Mwaka 1840 Mwingereza John Gould alirudi kwao na ndege hai wa aina hiyo, na tangu hapo wamesambaa duniani, mmoja akaishia Tanga kwenye nyumba yenye feni moja na jamaa wengi.

Mambo yalianzia puani. Jike la baji lina kinyama juu ya mdomo chenye matundu ya pua, na rangi yake hubadilika akiingiwa na hamu ya kutaga. Cha Bi Kidawa kilikuwa cheupe chenye buluu kwa mbali. Kikageuka kahawia, kikakauka na kupasukapasuka kama ganda la ukwaju. Shangazi akasema ni ukurutu, apakwe mafuta ya nazi. Mgonjwa mwenyewe hakuwa na nafasi ya kupakwa chochote, maana alikuwa anatafuta nyumba. Aliingia nyuma ya redio, akaingia kwenye kiatu changu, akaingia kwenye boksi la tende. Vyote akavikataa.

Kisha akaja Ami kutoka Pemba kutibiwa macho, amevaa kofia yake ya kiua. Kofia ya namna ile hushonwa kwa mkono, tundu kwa tundu, na iliyo nzuri huweza kuchukua miezi. Ami akitaka kujinyoosha mchana huivua na kuiweka chali kwenye rafu ya kabati, mlango ameuacha wazi kidogo ili ipate hewa. Pana giza, duara, ukuta pande zote. Ndege ambaye kwao huzalia ndani ya mashimo ya miti alitaka nini tena?

Ijumaa Ami alitoka chumbani na kanzu iliyopigwa pasi, akatia mkono kabatini, akautoa upesi kuliko alivyoutia.

"Mwanangu," akaniita huku akinyonya kidole, "kofia yangu ina mtu."

Nikachungulia. Bi Kidawa alikuwa amekaa katikati, manyoya yametutumka, mdomo wazi, anatukemea wote wawili bila kujali umri wa yeyote. Nikamwonyesha shuke la ulezi. Akaruka, akalipita shuke, akatua begani kwa Ami na kuachia mzigo. Wasiofuga hawalijui hili: jike anayeatamia hachafui kiota. Hujizuia kwa saa nyingi, kisha hutoa akiba yote mara moja. Ami alikwenda msikitini na kanzu yangu, iliyomkomea kwenye muundi. Aliporudi, kofia ilikuwa na yai.

Shangazi akataka kujua dume ni nani. Nikamweleza kwamba ni kama kuku wa mayai: jike hutaga hata akiwa peke yake, ila yai halianguliwi. Akaniangalia kama mtu anayemfichia mtu siri, akaamuru litupwe. Kijana anayefuga njiwa mtaa wa pili ndiye aliyetuzuia. Ukiliondoa, alisema, atataga jingine kufidia, na kila ganda linatengenezwa kwa madini ya mifupa yake mwenyewe. Kwa kawaida hutaga mayai 4 mpaka 6, moja leo, jingine keshokutwa, na kuatamia kwake ni siku 18 hivi. Mwacheni mpaka achoke. Akasema tumpe na mfupa wa dome, ule mweupe mwepesi unaookotwa bure ufukweni, ambao dukani ukishafungwa kwenye plastiki unauzwa ghali kuliko dome mwenyewe. Na tukimkuta sakafuni mwa tundu lake anajikamua na hakuna kinachotoka, tusingoje kesho, maana yai likikwama linaua.

Ikawa kazi yangu kumpelekea Ami habari ya zile wiki.

"Yaani nimepangisha?" akauliza.

"Ndiyo, Ami."

"Kodi anapokea nani?"

Kofia ikahamishiwa ndani ya tundu, na mayai yake, na mimi nikaenda kwa daktari wa mifugo. Yeye alizoea ng'ombe na kuku, kwa hiyo swali lake la kwanza lilikuwa nauza trei ngapi kwa wiki. Tulipoelewana akaanza kuhoji. Analala saa ngapi? Tukizima taa. Taa mnazima saa ngapi? Tamthilia ikiisha, saa sita usiku. Anakula nini? Bakuli la ulezi muda wote, mchicha, yai la kuchemsha lenye uvuguvugu. Joto je? Namnyunyizia maji kwa chupa kila alasiri. Mnamshikaje? Shangazi humpapasa mgongoni.

Daktari akaweka kalamu mezani. "Huyu mmemposa," akasema.

Kumbe kwa ndege kichwa ndiyo salamu. Mgongo ni mambo ya mke na mume. Na baji wa porini hafuati kalenda. Anangoja mvua inyeshe, nyasi zitoe mbegu, ndipo atafute shimo la kutagia. Sasa itazame nyumba yangu kwa jicho lake: mvua inanyesha kila siku kutoka kwenye chupa, nafaka hazipungui, jua halizami mpaka tamthilia iishe, mchumba anajileta mwenyewe jioni akisimulia habari za mtaa, na nyumba imeletwa na Ami kwa boti. Angekaa hivihivi kwa sababu gani?

Alipoyasusa mayai tukaanza masharti. Giza la saa 12 au zaidi ndiyo dawa kubwa. Kwetu jua huzama mapema mwaka mzima, tatizo ni taa zetu, kwa hiyo magharibi ikiingia tundu linapelekwa stoo na kufunikwa kanga, yenye maneno ambayo kwa heshima ya majirani sitayaandika hapa. Ulezi ukapimwa kwa kijiko, mwingine nikauficha ndani ya karatasi zilizofinyangwa ili autafute kwa jasho. Yai la kuchemsha likafutwa, kioo kikaondolewa, tundu likageuziwa ukuta mwingine. Chupa ya maji nayo nikaificha, na joto tukaliachia feni.

Kigumu kilikuwa Shangazi.

"Kichwani tu, Shangazi."

"Nimelea watoto saba, leo unifundishe kushika ndege?"

Hata hivyo aliacha, baada ya kuumwa. Pua ikarudi rangi yake polepole, na siku hizi ukipita sebuleni Bi Kidawa anakutazama tu.

Kofia ndiyo haikupona. Jike la baji likiandaa kiota hutafuna kingo za shimo, na huyu alitafuna upande mzima wa kiua, tundu dogodogo zikawa dirisha. Ami alirudi Pemba na kofia ya mashine niliyomnunulia sokoni. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitia mfukoni.

Sasa, msomaji, kama unamjua mshonaji wa kofia za kiua mwenye mkono mzuri na asiyedai fedha zote kwa mkupuo, nielekeze. Ami anarudi kwa daktari wa macho kabla ya Idi, na ameshauliza kama mpangaji amehama.