Sifa za Mheshimiwa Plagini

Watu wa Kapkatet tunajua kusifu. Tumewasifu ng'ombe wa maziwa, tumewasifu wakimbiaji, na wakati wa kampeni tumewasifu hata watu tusiowajua. Ajabu ni kwamba hadi leo hajatokea wa kumsifu plagini kuukuu, kile kipande cha programu kinachochomekwa kwenye kivinjari ili kifungue mambo ambayo chenyewe hakiyawezi. Mimi mwenye saiba, ambaye nimeishi naye na kuteseka naye, ndiye ninayestahili kushika kipaza sauti.

Sifa yake kuu ni adabu. Kila asubuhi, kabla sijafungua thermos ya chai, Mheshimiwa, hasa yule aitwaye Flash, hubisha hodi katikati ya kioo: Flash yako imepitwa na wakati, uisasishe sasa au ukumbushwe baadaye? Nabofya baadaye. Hanuni. Kesho yake yuko palepale, na swali lilelile, kwa unyenyekevu uleule. Nitajieni mwingine katika nchi hii anayeomba ruhusa namna hiyo. Stima hukatika bila kuuliza kama tumemaliza kuchapisha. Makato mapya huingia kwenye mshahara kama mwenye nyumba. Bei ya chai hupangwa mnadani Mombasa, na mkulima wa hapa huletewa habari tu, pamoja na bonasi ambayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya wenzake wa mashariki mwa Bonde la Ufa. Mashine za kuchuma majani zilipoingia kwenye mashamba makubwa ya Kericho, sikusikia mchumaji hata mmoja aliyeulizwa kama angependa kusasishwa au kuondolewa; Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zikachomwa moto. Plagini angeuliza. Angeweka vitufe viwili, na cha "baadaye" kingefanya kazi.

Tena ni mkarimu: humfungulia kila mgeni mlango, mwizi akiwemo. Oktoba 2017 virusi vya Bad Rabbit viliingia kwenye kompyuta za Urusi na Ukraine vikijifanya sasisho la Flash. Na asubuhi za baridi Mheshimiwa huifanya mashine ihangaike na kupata joto mpaka ukitaka unaweza kupashia mikono.

Busara je? Flash alizaliwa 1996, akalelewa na Macromedia, kisha mwaka 2005 akaangukia mikononi mwa Adobe, ambao mwishowe walimchoka wakaacha kumhudumia 2020 ilipoisha. Matoleo yake ya mwisho yalikuwa yametegewa yajizime: kuanzia tarehe 12 Januari 2021 yakagoma kufungua chochote. Waliosasisha kwa utiifu, kwao akafa. Kwa mvivu aliyebofya baadaye, baadaye, baadaye, toleo lake la kale halikupata habari za msiba na likaendelea kuchapa kazi.

Wapo waliompenda kuliko mimi. Januari hiyohiyo, mamlaka ya ushuru ya Afrika Kusini, SARS, iliona fomu zake bado zinamtegemea marehemu. Badala ya kumzika, ikatoa kivinjari chake yenyewe ili aendelee kupumua humo.

Sasa, nisasishe au niondoe? Plagini mwenzake Java nilimwondoa bila matanga, maana Chrome ilikwisha kumfungia mlango 2015. Silverlight, plagini mwingine, hata sikumuaga. Lakini Flash siwezi kumgusa, kwa sababu ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ina fomu isiyofunguka bila yeye. Chini ya ukurasa wameandika kwamba inafaa isomwe kwa Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft wenyewe walikistaafisha tarehe 15 Juni 2022.

Basi mzee anashuka kwenye bodaboda, anavua gambuti mlangoni ingawa nimemwambia asivue, ameacha majani yakikomaa shambani, na fomu inakataa. Ananitazama mimi! Aliyeuza mfumo ule alilipwa. Aliyeupokea alitia sahihi kwamba ameukagua. Anayelipa nauli mara ya pili ni mzee. Nilipiga simu kule, mama mmoja akaniambia nisasishe plagini. Nisasishe na nini, mama, na waliomtengeneza walishamzika? Akanyamaza kidogo, kisha akasema sistimu iko chini, nijaribu kesho.

Samahani, nilikuwa nasifu.

Mara ya mwisho nilimwambia mzee aende ofisini kwao hasa, wamjazie kwenye kompyuta zao. Akaenda. Kumbe kompyuta zao hazina Flash. Wataalamu wao waliiondoa kwa sababu za usalama. Wakampa fomu ya karatasi, akaijaza kwa kalamu, ikagongwa muhuri mkubwa wa bluu. Kisha karani akamwelekeza aipeleke saiba, iwekwe mtandaoni.