Mgeni Siku Mbili

Asubuhi ya Jumatatu nilifungua mlango wa uani nikamkuta mama mkwe ameinama na jembe. Amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, analima kile kipande cha ardhi kando ya karo ambacho hakijaguswa tangu tuhamie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu bila kuinua uso, jembe likashuka tena.

Jembe lenyewe hatuna. Alikuwa ameliazima kwa jirani kabla ya jua kutoka, na jirani huyo alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani, akitazama mama aliyekuja kulea uzazi akilimishwa kwa mkwewe. Nilisimama pale nisijue pa kuweka macho, kwa sababu kosa nilikwisha kulijua. Lilikuwa jina la timu.

Mke wangu alijifungua siku ya Nane Nane, mwaka 2023. Kesho yake jioni mama yake akashuka basi la Tanga na kapu lake: mafuta ya nazi, pilipili manga ya uji wa mzazi, na kanga kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, za kumvisha mtoto. Arobaini nzima alikuja kumkanda mwanawe maji ya moto na kukesha na mjukuu ili sisi tulale. Ijumaa, tarehe 11 Agosti, ilikuwa siku yake ya tatu kwangu. Na Ijumaa hiyohiyo, saa nne usiku, Burnley na Manchester City walikuwa wanafungua Ligi Kuu ya England.

Ukoo wetu una ligi yake ya fantasi, timu nane. Kwa asiyeujua mchezo huu: unapewa pauni milioni 100 za kuhesabia tu, unanunua wachezaji 15 wa kweli, wasizidi watatu wa klabu moja, na wanachokifanya uwanjani kinakuwa pointi zako kwa raundi zote 38. Dirisha hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Usiku ule ilikuwa saa mbili na nusu. Na timu lazima iwe na jina lisilozidi alama 20, nafasi zikihesabiwa.

Kwetu jina ni nusu ya utamu, na Kiswahili kimetubariki. Saka kwao ni jina la ukoo la mchezaji, kwetu ni kitenzi, kwa hiyo shemeji yangu akaita timu yake Saka Tonge. Manchester United walikuwa wamemleta kipa Onana. Binamu yangu akaandika Tutaonana Mei, maana msimu huishia Mei. Mke wangu, mtoto yuko ubavuni, akamtungia Haaland jina la Haalandi Yangu. Mdogo wangu alitaka Salah Tano. Akamuuliza kwanza shangazi, shangazi akamwambia sala si mchezo, naye akalifuta.

Mimi sikumuuliza mtu. Misimu kadhaa nilikuwa nimepoteza pointi kwa kuwasubiri wachezaji wapya, nikaapa kwamba safari hii mgeni nampa mechi mbili, asipofunga, namuuza. Methali ikajileta yenyewe: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikaiandika yote, kisanduku kikagoma. Nikakata mkia. Mgeni Siku Mbili: alama 16. Saa mbili na dakika 25 nikabonyeza, nikaenda kunawa nile chakula alichokipika mgeni wangu wa siku ya tatu.

Jumapili jioni shemeji alikaa sebuleni na simu, akatusomea msimamo kwa sauti kama mtangazaji wa redio. Mama alikuwa mkekani anakunja nepi.

"Wa tano, Mgeni Siku Mbili!"

Mikono ya mama ikasimama. "Hiyo ni timu ya nani?"

"Ya shemeji, mama."

"Haya," akasema, akachukua nepi nyingine.

Methali iliyokatwa haijakatika. Sikio la Mswahili huimalizia kabla msemaji hajafunga mdomo, na kile ulichokiacha ndicho kinachosikika zaidi. Mama mkwe amekulia katika kanga, na kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Tangu majina hayo yalipokuwa yakiandikwa kwa hati ya Kiarabu, kabla ya herufi hizi za leo, mwanamke wa pwani amejua kwamba maneno machache yaliyowekwa hadharani yana mtu yanayemlenga. Angeaminije kwamba yangu yalimlenga mshambuliaji mpya wa Ulaya?

Jumatatu ile ilikuwa pia siku ya saba ya mtoto, siku ya kumpa jina. Shangazi alipofika na vyombo vyake vya pilau, akaona tuta jipya uani na mke wangu ana macho mekundu, aliniita pembeni. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kwa mkwe huendi mikono mitupu, wala huendi peke yako. Kwanza kanga."

Nikaenda mtaa wa Uhuru, duka hadi duka, nikisoma majina ya doti moja baada ya nyingine. Mengine yalikuwa mazuri lakini hayakuwa jibu. Katika duka la nne au la tano muuzaji alifunua rundo la chini, nikaliona: Mgeni njoo mwenyeji apone. Sikuomba apunguze bei.

Shangazi ndiye aliyeikabidhi, mimi nikiwa nimeketi chini karibu na mlango. Mama aliifungua, akausoma upande wa jina kwa kidole, kisha akaiweka magotini.

"Mwanangu," akasema, "jina la mtoto mlituuliza wazee wote, wa kwenu na wa kwetu. Hili jingine ulimuuliza nani?"

"Nilikosa, mama. Nisamehe."

"Nimesamehe. Lakini mchicha nimeshausia, utaumwagilia."

Mtoto akapewa jina la babu yake mzaa mama. Jioni shemeji akamfungulia mama timu katika ligi yetu, naye akaichagulia jina mwenyewe, Mgeni Njoo. Yangu nikaibadilisha ikawa Mwenyeji Apone. Kwa pamoja yangezidi alama 20; kwa timu mbili yakatosha.

Jina nilibadilisha, tabia ikachelewa. Septemba Cole Palmer alihamia Chelsea akitoka Manchester City, nikamnunua, na shemeji akamnunulia mama. Mechi mbili, hana bao. Nikamuuza. Siku hizo arobaini ilikuwa imetimia na mama anafunga kapu lake kurudi Tanga; shemeji akamuuliza kama naye amuondoe yule kijana.

"Kahamia lini?"

"Mwezi huu huu, mama."

"Mwacheni aizoee nyumba."

Palmer alimaliza msimu na mabao 22 ya ligi na pointi 244 za fantasi, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote.

Tangu mwaka ule, kila Agosti kabla dirisha halijafungwa, tunakaa sebuleni na kila mtu anasoma jina lake kwa sauti, wazee wakisikia. Nakuomba nawe, ndugu msomaji, ufanye hivyo kwenu. Jina lisilosomeka mbele ya mama mkwe, lifute. Kiswahili hakitakosa jingine.

Msimu ule ulifungwa tarehe 19 Mei 2024. Katika ligi yetu Mgeni Njoo alikuwa wa tatu, na chini yake, wa nne, Mwenyeji Apone. Shemeji akausoma msimamo kwa sauti, na methali ikasomeka yote.